Kombe la Denver Lililopandwa Quebec

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Juni 1996, mjini Miami, beki Mjerumani Uwe Krupp alipiga shuti la mbali likatinga wavuni. Mechi ilikuwa imeingia kipindi cha tatu cha muda wa ziada, na kwa zaidi ya dakika 100 za mchezo hakuna upande uliokuwa umepata bao. Bao hilo moja liliipa Colorado Avalanche ushindi wa nne mfululizo dhidi ya Florida Panthers, na pamoja nao Kombe la Stanley, taji ambalo kila mcheza hoki ya barafuni hulitamani tangu utotoni. Avalanche walikuwa wamekaa Denver msimu mmoja tu. Ndiyo maana hadi leo wanasifiwa kuwa timu iliyotwaa ubingwa katika mwaka wake wa kwanza.

Sifa hiyo siikubali. Timu iliyobeba kombe lile haikuwa changa hata kidogo. Ilikuwa Quebec Nordiques, klabu iliyohamishwa kutoka jiji la Quebec, mashariki mwa Kanada, mwaka mmoja uliotangulia. Ukifuatilia ilivyoundwa, mchezaji kwa mchezaji, utakuta kwamba ubingwa ule ulilipiwa na watu wa Quebec kwa tiketi zao, na kwa misimu mitano mfululizo ya kumaliza ligi bila kufika hata hatua ya mtoano, ambako timu mbili hurudiana mara kadhaa mpaka moja ishinde mechi za kutosha. Waliovumilia hawakuvuna. Maelezo tunayopewa kila mara ni kwamba mji ulikuwa mdogo na dola ya Kanada ilikuwa dhaifu. Ni kweli, lakini hayatoshi, na ushahidi kwamba hayatoshi uko Edmonton. Nitafika huko.

Kwanza, jinsi ligi yenyewe ilivyo. Aliyekulia kwenye soka amezoea kupanda na kushuka daraja: timu ya mtaani inaweza, kwa miaka na bahati, kufika juu kabisa. Ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, NHL, haina mlango huo. Unaingia kwa kununua nafasi, na wamiliki waliomo ndani ndio wanaopiga kura kukukubali au kukukataa. Nafasi ile ni ya mmiliki, kama shamba lenye hati. Mji unatoa jina, unatoa watu wa kujaza viti, mara nyingi unatoa na uwanja, lakini kwenye hati haumo.

Jiji la Quebec lilishaonja hilo zamani. Klabu yake ya kwanza maarufu, Bulldogs, ilichukua Kombe la Stanley mwaka 1912 na 1913. Ilipocheza NHL msimu wa 1919–20 ilishinda mechi 4 tu kati ya 24, ingawa ilikuwa na Joe Malone, ambaye tarehe 31 Januari 1920 alifunga mabao 7 katika mechi moja. Rekodi hiyo haijavunjwa katika NHL mpaka leo. Msimu ulipokwisha, timu ikahamishiwa Hamilton, jimbo la Ontario. Mji ukakaa karibu miaka 60 bila timu katika ligi hiyo.

Nordiques walizaliwa 1972 kwa njia ya pembeni. Wafanyabiashara wa Amerika walikuwa wameanzisha ligi ya kushindana na NHL, iliyoitwa WHA, na nafasi iliyokusudiwa San Francisco ikauzwa kwa kundi la watu wa Quebec kabla timu haijacheza hata mechi moja. Kocha wa kwanza alikuwa Maurice Richard, shujaa mkubwa wa Montreal, ambaye aliachia ngazi baada ya mechi mbili. Timu haikuyumba kwa hilo. Ikamchukua beki J.C. Tremblay kutoka Montreal, baadaye Marc Tardif, ikamkuza Réal Cloutier, na mwaka 1977 ikabeba Kombe la Avco, taji la ligi hiyo. Jezi zake zilikuwa za buluu zenye maua ya yungiyungi, yale yale yaliyo kwenye bendera ya jimbo. Uwanjani karibu matangazo yote yalitolewa kwa Kifaransa peke yake. Katika mchezo uliotawaliwa na Kiingereza, hilo lilikuwa na maana kubwa kwa watu waliozoea kuiona lugha yao ikiwekwa nafasi ya pili.

WHA ilipoelekea kufa mwaka 1979, ilikubaliwa kuwa timu nne zihamie NHL: Edmonton, Winnipeg, Hartford na Quebec. Kura ya kwanza ya wamiliki ilikwama kwa kukosa kura moja. Montreal Canadiens walikuwa miongoni mwa waliokataa, na Canadiens walikuwa mali ya kampuni ya bia ya Molson. Nordiques nao walikuwa mikononi mwa kampuni ya bia, Carling O'Keefe, mshindani wa Molson sokoni. Basi watu wa Edmonton, Winnipeg na Quebec wakagoma kunywa bia ya Molson. Haukupita mwezi, Montreal ikageuza kura yake na mlango ukafunguka. Kila timu ililipa ada ya dola milioni 6 za Marekani. Kiasi hicho tutakihitaji huko mbele.

Ada haikuwa adhabu pekee. Timu zile nne zililazimishwa kuachia karibu wachezaji wao wote waliokuwa wanadaiwa na klabu za NHL, zikabaki na wachache tu. Quebec ilianza upya, na mtu aliyeiinua haraka alikuwa mwanasheria kijana, Marcel Aubut, rais wa klabu. Agosti 1980 Aubut na msaidizi wake Gilles Léger walikwenda Innsbruck, Austria, ambako Slovan Bratislava ya Chekoslovakia ilikuwa kwenye mashindano, wakawatorosha ndugu wawili, Peter na Anton Šťastný, pamoja na mke wa Peter aliyekuwa mjamzito. Safari ya gari usiku kwenda Vienna, kisha ndege kwenda Kanada, huku wakijua kwamba serikali ya kikomunisti isingewasamehe. Kaka yao mkubwa, Marián, alibaki nyuma na kufuata mwaka uliofuata. Peter alipata pointi 109 (bao au pasi ya bao huhesabiwa pointi moja) katika msimu wake wa kwanza, na Februari 1981, mjini Washington, yeye na Anton walipata pointi 8 kila mmoja katika mechi moja. Katika muongo ule wote ni Wayne Gretzky peke yake aliyempita Peter kwa pointi. Miaka mingi baadaye Peter akawa mbunge wa Slovakia katika Bunge la Ulaya.

Nikisema mji uliipenda timu, nazungumzia mambo yaliyoonekana. Utani wa jadi na Montreal ulikuwa mkali kuliko wowote katika hoki ya miaka ya 80. Mwaka 1982 Dale Hunter aliwatoa Canadiens nyumbani kwao sekunde 22 tu baada ya muda wa ziada kuanza. Tarehe 20 Aprili 1984, siku ya Ijumaa Kuu, mechi ya sita kati yao iligeuka vita vya ngumi: dakika 252 za adhabu, wachezaji wakitolewa mmoja baada ya mwingine, na Dale Hunter wa Quebec na ndugu yake Mark wa Montreal wakiwa pande mbili za ugomvi ule ule. Montreal walikuwa nyuma 2–0, wakapata nguvu pale Šťastný na Hunter walipotolewa, wakashinda 5–3. Mwaka uliofuata Peter Šťastný akalipa kisasi kwa bao la muda wa ziada katika mechi ya saba, tena Montreal. Mwaka 1987 mwamuzi Kerry Fraser alikataa bao la Alain Côté wakati matokeo yakiwa 2–2, na mpaka leo mtu wa Quebec wa umri fulani akisikia jina la Côté anaanza kueleza kwa nini lilikuwa bao halali. Mwaka huo huo, Februari, jiji liliwaalika Wasovieti kucheza mechi mbili na nyota wa NHL kwenye ukumbi wa Colisée. Kila upande ulishinda moja.

Kisha likaja anguko, na hapa ndipo hesabu yangu inapoanzia.

Kuanzia 1987–88 Nordiques walikosa mtoano misimu mitano mfululizo. Msimu wa 1989–90 walishinda mechi 12 kati ya 80. Mara tatu mfululizo walimaliza mkiani mwa ligi nzima, na kwa kanuni za wakati ule timu ya mwisho ndiyo iliyochagua kwanza katika mgawo wa chipukizi, ile siku ya mwaka ambapo klabu hugawana vijana bora. Kwa hiyo Quebec ilipata Mats Sundin wa Uswidi mwaka 1989, Owen Nolan mwaka 1990 na Eric Lindros mwaka 1991. Kabla yao, mwaka 1987, ilikuwa imempata Joe Sakic katika nafasi ya 15, kwa chaguo lililopatikana kwa kumwuza yule yule Dale Hunter kwenda Washington. Kumwuza Hunter kuliumiza mashabiki wengi. Lakini Sakic akawa nahodha.

Lindros alikuwa kijana wa Ontario aliyetajwa kuwa mchezaji wa kizazi, na akakataa kuvaa jezi ya Quebec. Zilitajwa sababu nyingi, udogo wa soko na lugha zikiwamo, na mjini watu wengi waliichukulia kama dharau kwa Wafaransa wa Kanada. Lindros mwenyewe alieleza miaka ya baadaye kwamba tatizo lake lilikuwa mmiliki, yaani Aubut. Vyovyote iwavyo, alikaa mwaka mzima bila kuichezea, na Juni 1992 Aubut akamwuza mara mbili kwa siku moja: aliwakubalia Philadelphia, kisha akawakubalia New York Rangers. Msuluhishi Larry Bertuzzi aliamua kwamba Philadelphia ndio walioanza. Malipo yao yalikuwa mazito: Peter Forsberg, Mike Ricci, Ron Hextall, Steve Duchesne, Kerry Huffman, Chris Simon, machaguo mawili ya raundi ya kwanza, na dola milioni 15 taslimu.

Matokeo yalionekana mara moja. Msimu mmoja Quebec ilikuwa na pointi 52, uliofuata pointi 104. Katika mtoano wa 1993 waliongoza 2–0 dhidi ya Montreal, wakapoteza mechi nne zilizofuata, na Montreal wakaenda kubeba kombe. Tangu hapo hakuna timu ya Kanada iliyolibeba tena. Msimu wa 1994–95, uliofupishwa kuwa mechi 48 na mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji, Nordiques walishinda 30 na kuongoza ukanda wote wa mashariki. Rangers wakawatoa raundi ya kwanza. Tarehe 25 Mei 1995 Aubut akatangaza kwamba timu imeuzwa kwa kampuni ya COMSAT kwa dola milioni 75 za Marekani, na inakwenda Denver.

Sasa angalia Denver ilipewa nini. Sakic alikuwa tayari nahodha. Mwaka 1996 alifunga mabao 18 katika mtoano na kuchaguliwa mchezaji bora. Forsberg alitoka kwenye biashara ya Lindros, na Ricci pia. Sundin alikuwa ameuzwa Toronto mwaka 1994 ili kumpata Wendel Clark, na Oktoba 1995 Clark akatumika kumpata Claude Lemieux, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa mtoano akiwa New Jersey. Nolan akauzwa San Jose na nafasi yake ikachukuliwa na Sandis Ozoliņš, beki wa Latvia aliyeyapa mashambulizi yao sura mpya. Yaani vijana wote watatu waliopatikana kwa kumaliza mkiani, mmoja mmoja, waligeuzwa kuwa nguzo za timu ya 1996.

Na lipo la nne, ambalo nadhani ndilo linalouma zaidi. Moja ya machaguo ya Philadelphia lilimleta kipa kijana, Jocelyn Thibault. Tarehe 2 Desemba 1995 Canadiens walifungwa 11–1 na Detroit nyumbani kwao, na kipa wao Patrick Roy, aliyeachwa langoni mpaka akafungwa mabao 9, alimwendea rais wa klabu mbele ya umati akamwambia kwamba hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho Montreal. Siku nne baadaye alipelekwa Colorado pamoja na Mike Keane, na kati ya watatu waliotolewa kwa ajili yao alikuwamo Thibault. Roy ni mzaliwa wa jiji la Quebec. Wachambuzi wengi wa Kanada wanaamini, nami naamini, kwamba Montreal wasingemwuza kamwe kwa Nordiques, watani wao wa barabara ile ile. Kwa hiyo mtoto wa mji alikuja kuilinda timu ya mji pale tu ilipokuwa imeuacha mji.

Wapo wanaosema: basi kumbe kuhama ndiko kulikoleta kombe, kwa kuwa bila Roy wasingeshinda. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini tazama inachokiri. Inakiri kwamba timu ilihitaji kipa mmoja tu. Mengine yote yalikuwa tayari.

Tugeukie pesa. Quebec ilikuwa na watu wasiofika laki 7 pamoja na vitongoji vyake. Colisée, ukumbi uliojengwa 1949 na kupanuliwa mwaka 1980, ulikuwa na viti elfu 15 na kidogo, na vyumba vichache vya watu wenye fedha, ambavyo ndivyo vyenye faida. Wachezaji walilipwa kwa dola za Marekani huku tiketi zikiuzwa kwa dola za Kanada, na mwaka 1995 dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti 73 hivi za Marekani. Kikomo cha mishahara, ambacho kingezilinda klabu ndogo, hakikupatikana katika mgogoro wa 1994–95. Kilikuja 2005, baada ya ligi kupoteza msimu mzima. Aubut aliomba msaada wa serikali ya jimbo na uwanja mpya. Serikali ya Jacques Parizeau ilikuwa inajiandaa kwa kura ya maoni kuhusu kujitenga na Kanada, na walipa kodi hawakuwa na hamu ya kuwalipia mamilionea mishahara. Sikubaliani na wanaomlaumu Parizeau kwa hilo. Kumkabidhi mmiliki fedha za umma bila kupata chochote mkononi kungekuwa kosa.

Lakini kati ya kumpa mtu fedha za bure na kumwacha aende zake kuna njia nyingine, na Edmonton waliitumia. Edmonton Oilers waliingia NHL siku moja na Quebec, kwa ada ile ile, katika mji wa kaskazini wenye baridi ile ile na dola ile ile dhaifu. Mwaka 1998 tajiri wa Houston, Les Alexander, alitaka kuwanunua na kuwahamishia Texas. Bei aliyotaja ilikuwa juu kuliko ambayo wenyeji wangeweza kuifikia. Ila mkataba wa timu na uwanja wa Edmonton ulikuwa na kifungu: kabla timu haijauzwa ikaondoka, wanunuzi wa hapo hapo wapewe muda wa kuinunua kwa dola milioni 70 za Marekani. Wafanyabiashara zaidi ya 30 wa mji ule wakachangishana, wakakamilisha kiasi hicho dakika za mwisho, timu ikabaki. Ipo mpaka leo.

Kifungu kimoja. Quebec hakukuwa na karatasi ya namna hiyo yenye nguvu ya kuzuia mauzo. Na tusijidanganye kwamba wenyeji wakimiliki inatosha, kwa sababu Nordiques walikuwa mikononi mwa wenyeji. Carling O'Keefe walipoachia mwishoni mwa miaka ya 80, walionunua ni kundi la Aubut, na ndani yake ulikuwamo hata mfuko wa uwekezaji wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi wa jimbo. Hawa walikuwa watu wa nyumbani, na waliuza. Nafasi iliyoingia ligini kwa milioni 6 ilikuwa na thamani ya milioni 75 baada ya miaka 16, na mwenye hisa, awe wa Quebec au wa Colorado, hufanya hesabu ile ile. Mapenzi ya mwenye hisa hayazuii mauzo. Kinachozuia ni sharti lililoandikwa wakati mji bado una kitu cha kutoa: uwanja, kodi ya pango, msamaha wa ushuru.

Aliyehama alihama na kumbukumbu pia. Namba 8 ya Marc Tardif, iliyokuwa imestaafishwa Quebec kwa heshima, ilirudishwa kwenye matumizi Denver, Ozoliņš akaivaa na kushinda nayo kombe. Avalanche walibeba ubingwa tena 2001, na 2022 wakabeba wa tatu, Sakic akiwa meneja mkuu wao: kijana aliyechaguliwa na Quebec akiwa na miaka 17, bado anaizalia matunda Colorado miaka 35 baadaye. Nyota wao wa sasa, Nathan MacKinnon, ndiye yule ambaye mwaka 2018 aliteleza pamoja na Sidney Crosby na vijana wa Ice Lions kutoka Nairobi, walipopelekwa Kanada kucheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliijua hoki siku ile, na bila kujua tulikuwa tunamtazama mrithi wa Nordiques.

Mji haukukata tamaa. Oktoba 2010 makumi ya maelfu walikusanyika kwenye uwanda wa Abraham wakiwa na nguo za buluu kudai timu. Desemba ile ile zaidi ya elfu moja walipanda mabasi kwenda New York, wakakaa kwenye jukwaa la Islanders, timu ya huko, wakiimba kwa ajili ya klabu ambayo haipo. Mwaka uliofuata Winnipeg, iliyopoteza timu yake mwaka mmoja baada ya Quebec, ikapata nyingine kutoka Atlanta. Matumaini yakapanda.

Hapo ndipo serikali ilipofanya jambo ambalo sijaweza kulielewa vizuri. Jiji na jimbo waligawana gharama za ukumbi mpya, Centre Vidéotron, karibu dola milioni 370 za Kanada, uliofunguliwa Septemba 2015 ukiwa na viti 18,259 vya hoki. Uendeshaji ukapewa kampuni ya Quebecor, ambayo iliomba nafasi NHL. Juni 2016 ligi ikaikubali Las Vegas kwa ada ya dola milioni 500, ikaiweka kando Quebec, ikitaja udhaifu wa dola ya Kanada na wingi wa timu za mashariki. Dola ile ile ya 1995. Umma uliokataa kumlipia mmiliki mwenye timu ukawa umejenga kuta za mmiliki ambaye bado hana timu. Aprili 2024 shughuli za timu ya Arizona zilipovunjika, wachezaji walikwenda Salt Lake City, na sikumbuki kusikia jina la Quebec likitajwa kwa uzito. Oktoba 2024 Los Angeles Kings walikuja kucheza mechi mbili za kujiandaa na msimu, na kwa ajili yao serikali ya jimbo iliahidi kati ya dola milioni 5 na 7. Mechi mbili zisizo na pointi.

Linganisha na kilichotokea bila kubembelezwa na mtu. Mwaka 2023 timu ya vijana ya jiji, Remparts, ilitwaa ubingwa wa Kanada ikiwa na kocha Patrick Roy. Januari 2025 ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilileta Montreal na Ottawa kucheza pale, na viti vyote 18,259 vikajaa kwa mechi ambayo hakuna upande uliokuwa wa nyumbani. Ligi hiyo ilipoongeza timu mbili mwaka huo huo, ilichagua Vancouver na Seattle. Inaendelea kukua, na haidai ada ya milioni 500.

Kama ningekuwa na sauti katika baraza la jiji la Quebec, ningeacha kulipia ziara za wageni na kwenda kuzungumza na ligi ya wanawake sasa hivi, wakati ukumbi upo na bei haijapanda. Ningewapa tarehe nzuri za mechi na pango nafuu kwa miaka mingi. Na ukurasa wa kwanza wa mkataba ningetaka uwe na kile walichokuwa nacho Edmonton mwaka 1998: timu ikitaka kuuzwa nje, jiji na watu wake wana haki ya kununua kwanza, bei ikiwa imetajwa mapema, kwa tarakimu, kabla mchezaji wa kwanza hajaingia kwenye barafu.